Kumngoja Mtoto: Mwongozo wa Kusanifu Wito wa Mfumo wa Kusubiri Michakato

Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, unapofika mwisho wake, mfumo endeshi hurudisha karibu kila kitu ulichokuwa umeupa: kurasa za kumbukumbu, faili zilizofunguliwa, nafasi yake katika foleni ya prosesa. Kitu kimoja hakitupwi papo hapo, nacho ni taarifa ya namna mchakato ulivyokufa. Taarifa hiyo ni ndogo, mara nyingi ni namba moja tu, lakini ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mchakato mzazi. Mwongozo huu ni wa yule anayeandika kiini cha mfumo endeshi, kiwe kidogo cha kujifunzia au kikubwa cha kazi, ambaye amekwisha kupata fork (wito ambao mchakato huutumia kuzaa mtoto) na exit (wito wa kujimaliza) zinazofanya kazi na sasa anataka kuongeza wait, wito wa kumngoja mtoto. Wito hapa ni ombi ambalo programu hulipeleka kwa kiini. Nitashika kanuni moja tangu mwanzo: taarifa ya kifo ipokelewe na mmoja tu, ipokelewe mara moja tu, wala isipotee kabla haijapokelewa. Karibu kila hitilafu niliyoiona katika sehemu hii ya kiini ilitokana na kuvunja kipande kimojawapo cha kanuni hiyo.

Hatua ya kwanza: amua taarifa itakaa wapi

Mtu anayeanza hujiuliza kwa nini mtoto asijifute mwenyewe anapoita exit. Jibu ni kwamba hawezi. Msimbo wa exit unatekelezwa juu ya stakhi ya kiini (eneo la kumbukumbu ambalo msimbo huutumia ukiwa unatekelezwa) ya mchakato uleule unaokufa, na kuiachilia stakhi hiyo ukiwa ungali unaitumia ni kukata tawi ulilolikalia. Kwa hiyo lazima mwingine amalizie kazi, na kwa kuwa mzazi atakuja kuuliza habari za mtoto wake, ni jambo la busara kumwachia yeye kazi ya kumzika.

Hapo kuna njia mbili. Njia ya Unix, familia ya mifumo endeshi ambayo Linux huifuata, ni kuacha nafasi ya mchakato katika jedwali la michakato la kiini, ikiwa na namba yake na matokeo yake, katika hali inayoitwa zombi, yaani mfu ambaye hajazikwa. Zombi hatumii prosesa, hana tena kumbukumbu yake ya mtumiaji, na hawezi kuuawa kwa ishara yoyote (ujumbe mfupi wenye namba unaotumwa kwa mchakato) kwa kuwa amekwisha kufa. Njia ya pili ni kuitenga taarifa katika muundo mdogo wa pembeni unaoshirikiwa na mzazi na mtoto, wenye hesabu ya washikaji. Kila mmoja anapoondoka hupunguza hesabu, na yule wa mwisho ndiye anayeuachilia.

Ushauri wangu kwa kiini cha kwanza ni njia ya zombi, kwa sababu taarifa na mwenye taarifa wanakaa mahali pamoja na huna orodha ya pili ya kulinda. Gharama yake uijue mapema, hata hivyo. Katika xv6, mfumo wa kufundishia wa MIT, jedwali lina nafasi 64 tu, na zombi wachache wasiozikwa wanatosha kuifanya fork ikatae. Katika Linux kikomo cha namba za michakato kilikuwa 32768 kwa miaka mingi, na kwenye mashine za biti 64 kinaweza kupandishwa hadi 4194304. Nafasi ni kubwa zaidi, lakini programu inayosahau kuzika itazifikisha mwisho, na siku hiyo hata sheli ya msimamizi, programu inayopokea amri zake, haitaweza kuanzisha amri.

Hatua ya pili: lipe jibu umbo lisilochanganya mambo

Unix ya kale ilibana kila kitu katika neno moja la biti 16. Biti 8 za juu hubeba msimbo wa kutoka, biti 7 za chini hubeba namba ya ishara iliyoua, na biti iliyobaki, yenye thamani 128, husema kama picha ya kumbukumbu ilihifadhiwa. Mtoto aliyeita exit(3) huonekana kama 768, yaani 3 mara 256. Mtoto aliyeuawa kwa ishara ya 9 huonekana kama 9. Mtoto aliyegusa kumbukumbu isiyo yake, akauawa kwa ishara ya 11 na picha yake ikahifadhiwa, huonekana kama 139, yaani 128 jumlisha 11.

Sheli nayo huonyesha 139 kwa kifo hichohicho, na watu wengi hudhani ni namba ileile. Siyo. Sheli hujumlisha 128 kwa kila ishara, picha iwe imehifadhiwa au haikuhifadhiwa, ndiyo maana aliyeuawa kwa ishara ya 9 huonekana kwake kama 137. Zimekutana kwa bahati tu.

Ubanaji huu una madhara halisi. Kwa kuwa ni biti 8 tu za msimbo zinazobaki, exit(256) humfikia mzazi kama 0, ambayo kwa desturi maana yake ni mafanikio. Fikiria programu ya majaribio inayorudisha idadi ya makosa iliyoyakuta: ikikuta makosa 255 itaripotiwa kuwa imeshindwa, ikikuta 256 itaripotiwa kuwa imefaulu. Kama unasanifu wito mpya na hufungwi na programu za zamani, usirudie jambo hili. Tumia sehemu mbili zilizotengana, moja ya sababu (ametoka mwenyewe, ameuawa, amesimamishwa, ameendelea tena) na nyingine ya namba kamili ya biti 32. Wito wa waitid, aina mpya zaidi ya wait, ulifuata mwelekeo huo ulipotenganisha sababu na thamani. Mfumo endeshi wa Plan 9 ulikwenda mbali zaidi ukaacha namba kabisa: mchakato hufa na maneno, na maneno matupu ndiyo mafanikio. Napenda uwazi wa uamuzi huo, ingawa unakulazimu kuamua urefu wa juu wa maneno hayo na mahali pa kuyahifadhi mpaka mzazi aje.

Onyo moja zaidi kuhusu umbo: jibu la "bado yu hai" lisiishi katika nafasi moja na misimbo ya kutoka. Katika Windows, GetExitCodeProcess hurudisha 259 mchakato ukiwa bado unaendelea, lakini hakuna kinachoizuia programu kutoka kwa msimbo wa 259, na anayetegemea wito huo peke yake atamwona maiti kuwa ni mzima milele.

Hatua ya tatu: hakikisha mwito wa kuamka haupotei

Hapa ndipo penye kazi, na ningeomba msomaji asipite haraka.

Mzazi anayeita wait hukagua jedwali, na akikuta watoto wake wote wangali hai, hulala. Mtoto anayeita exit hujiandika kuwa zombi, kisha humwamsha mzazi. Kwa maandishi, hilo linatosha. Sasa weka prosesa mbili. Kwenye prosesa ya kwanza, mzazi amekagua jedwali, hakukuta zombi, na ameamua kulala, lakini hajaandikwa bado kuwa amelala. Wakati huohuo, kwenye prosesa ya pili, mtoto anajiandika zombi na kuita amsha. Amsha inapita jedwalini, haioni yeyote aliyelala, inarudi. Mzazi sasa analala. Mtoto amekwisha kufa, hatamwamsha mara ya pili, na mzazi atalala mpaka mashine izimwe. Hitilafu hii haionekani kila mara. Inaweza kutokea mara moja kati ya majaribio elfu kadhaa, na ndiyo maana watu huipita wakidhani msimbo wao ni sahihi.

Dawa ni kufuli moja la kungojea, yaani alama ambayo mmoja tu anaweza kuishika kwa wakati mmoja, linaloshikwa na mzazi kabla ya kukagua na kushikwa na mtoto kabla ya kujiandika zombi na kuamsha. Lakini mzazi hawezi kulala akiwa amelishika, maana mtoto hatapita kamwe. Wala hawezi kuliachia kwanza kisha alale, maana tumerudi palepale. Kwa hiyo wito wa ndani wa kulala lazima upokee kufuli hilo kama hoja yake, ushike kufuli la mchakato wenyewe, ndipo uachie kufuli la kungojea, uandike hali ya usingizi, na kumwachia mpangaji wa zamu, sehemu ya kiini inayochagua nani atumie prosesa. Yeyote atakayetaka kuamsha lazima naye ashike kufuli la mchakato kabla ya kusoma hali yake. Basi atamkuta mzazi ama hajaanza kukagua, ama amekwisha kulala. Katikati hapana nafasi. Mzazi akiamka, ashike tena kufuli la kungojea na kurudia kukagua tangu mwanzo wa jedwali, asiamini kwamba kuamshwa kwenyewe ndiyo habari.

Ipo hatari ya pili iliyojificha nyuma ya hiyo. Mtoto akijiandika zombi huwa bado anatembea juu ya stakhi yake, kwa hatua chache za mwisho kabla ya kubadilishana na mpangaji wa zamu. Mzazi kwenye prosesa nyingine akimwona zombi katika muda huo na kumzika, ataiachilia stakhi ambayo mtu bado amesimama juu yake. Namna xv6 inavyoepuka jambo hili ni nzuri na inafaa kuigwa: mtoto hushika kufuli lake mwenyewe kabla ya kuandika hali ya zombi, na haliachii, kufuli huachiwa na mpangaji wa zamu, baada ya prosesa kuhamia kwenye stakhi nyingine. Mzazi naye lazima ashike kufuli la mtoto kabla ya kusoma hali yake. Kwa hiyo akifanikiwa kusoma neno zombi, mtoto amekwisha kushuka kabisa.

Chagua pia mpangilio mmoja wa makufuli na uuandike juu ya faili: kufuli la kungojea kwanza, la mchakato baadaye, kila mahali.

Hatua ya nne: mpangilio wa kuzika

Baada ya kumpata zombi, mzazi ananakili matokeo kwenda kwenye anwani aliyoitoa mtumiaji, kisha anaachilia nafasi ya mtoto, kisha anarudi na namba yake. Nakili kwanza, achilia baadaye. Anwani ya mtumiaji inaweza kuwa mbovu, na ukiwa umekwisha kuachilia nafasi kabla ya kugundua ubovu huo, taarifa imepotea bila kumfikia mtu. Ukinakili kwanza, kosa linarudishwa, zombi anabaki, na mzazi anaweza kuuliza tena kwa anwani nzuri.

Kama mwitaji hana mtoto yeyote, wito urudi mara moja na kosa. Mzazi akiuawa wakati amelala ndani ya wait, naye aamke na kurudi, la sivyo umeumba mchakato usioweza kufa. Na kama kiini chako kina nyuzi, yaani njia kadhaa za utekelezaji ndani ya mchakato mmoja, nyuzi mbili za mzazi mmoja zinaweza kumngoja mtoto yuleyule: mmoja atapata jibu, na wa pili lazima aamshwe pia ili agundue kwamba hana tena wa kumngoja. Amsha wote, siyo mmoja.

Hatua ya tano: yatima

Mzazi anaweza kufa kwanza. Watoto wake wapewe mlezi, ambaye kwa desturi ni mchakato wa kwanza wa mfumo, init, na kazi kubwa ya init ni kuzunguka ikiita wait bila kuchoka. Jambo linalosahaulika ni kwamba mtoto anayekabidhiwa anaweza kuwa amekwisha kuwa zombi wakati wa kukabidhiwa. Huyo hataita exit tena, hivyo hakuna atakayemwamsha mlezi kwa ajili yake, isipokuwa msimbo unaokabidhi wenyewe ufanye hivyo. Linux, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, inaruhusu mchakato wa kawaida kujitangaza mlezi wa vizazi vyake, jambo linalowafaa wasimamizi wa huduma ambao wanataka kujua hatima ya wajukuu pia. Na katika makontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, ambamo programu yoyote inaweza kujikuta ni namba 1 bila kujua wajibu huo, zombi hurundikana ndani ya kontena mpaka nafasi ziishe.

Hatua ya sita: mruhusu mzazi aseme anamngoja nani

Wito wa wait wa asili hurudisha mtoto yeyote aliyekufa. Kwa sheli ndogo hilo linatosha. Kwa programu iliyojengwa kwa maktaba nyingi halitoshi kabisa, na nilijifunza hili kwa uchungu: nilitumia siku mbili nikitafuta kwa nini programu yangu huambiwa haina mtoto ilhali nimemzaa dakika moja iliyopita, mpaka nilipogundua kwamba maktaba moja niliyoiunganisha ilikuwa ikingoja mtoto yeyote na hivyo kuchukua taarifa iliyokuwa yangu. Kiini hakikuwa na kosa. Wito ndio uliokuwa mpana mno.

Basi toa kiteuzi. Katika waitpid, aina ya wait yenye kiteuzi, namba kubwa kuliko 0 ni mtoto mmoja mahususi, 0 ni mtoto yeyote wa kundi la michakato la mwitaji mwenyewe, -1 ni mtoto yeyote, na namba ndogo kuliko -1 ni kundi lenye namba hiyo ikiondolewa alama ya kutoa. Ni kubana kwingine kwa maana nyingi katika namba moja, na kwa wito mpya ningetumia hoja mbili, ya aina na ya kitambulisho, kama waitid ifanyavyo. Ongeza bendera (chaguo linalowekwa wakati wa kuita) ya kutongoja, WNOHANG, ambayo hurudisha 0 kama wapo watoto lakini hakuna aliyebadilika. 0 ni salama hapa kwa kuwa hakuna mtoto mwenye namba hiyo. Bendera ya kutazama bila kuzika, WNOWAIT, ina manufaa kwa anayetaka kusoma habari za zombi kabla namba yake haijarudi sokoni. Bendera za kusimamishwa na kuendelea zinahitajiwa na sheli yenye kusimamia kazi. Unaweza kuziacha kwa sasa.

Hatua ya saba: kungoja pamoja na mambo mengine

Seva haiwezi kulala ndani ya wait, kwa kuwa ina soketi, yaani miunganisho ya mtandao, za kuangalia. Unix ilijibu kwa ishara ya SIGCHLD, ambayo mzazi hutumiwa mtoto wake anapokufa, na jibu hilo lina mtego: ishara za kawaida hazipangi foleni. Watoto watatu wakifa wakati ishara imezuiwa, mzazi hupata moja tu. Kwa hiyo mpokeaji wa ishara lazima azunguke mpaka wafu waishe:

while ((n = waitpid(-1, &hali, WNOHANG)) > 0)
    andika_matokeo(n, hali);

Ukiandika if badala ya while, programu itafanya kazi vizuri mezani kwako na kuacha zombi siku ya mzigo mkubwa. Weka pia njia ya mzazi asiyejali: katika POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, anayetangaza kuipuuza SIGCHLD hana zombi, watoto wake huzikwa na kiini chenyewe, na akiita wait hulala mpaka wote waishe kisha hupewa kosa.

Kwa mfumo mpya ningeanza na kishikio, yaani mtoto awakilishwe na namba ya faili ambayo inaweza kuwekwa pamoja na soketi katika poll, wito wa kuangalia faili nyingi kwa pamoja. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ililifanya hili kwa pdfork katika toleo la 9.0, mwaka 2012; Linux ililifikia mwaka 2019, kwa pidfd_open katika toleo la 5.3 na uwezo wa waitid kupokea kishikio katika toleo la 5.4. Faida yake kubwa ni kwamba namba ya mchakato inaweza kutumiwa tena, kishikio hakiwezi. Mzazi ambaye hajamzika mtoto wake yuko salama, maana zombi huishikilia namba. Lakini mchakato wa tatu, au maktaba iliyohifadhi namba baada ya maziko, unaweza kutuma ishara ya kuua kwa mgeni asiyehusika. Ukichukua njia hii, amua na uandike wazi nini hutokea kishikio cha mwisho kinapofungwa. Katika FreeBSD, isipokuwa ukiomba vinginevyo, mchakato huuawa. Windows nayo hutumia vishikio tangu awali, ila WaitForMultipleObjects inapokea 64 tu kwa wito mmoja, kikomo ambacho msanifu wa leo hana sababu ya kukiiga.

Hatua ya nane: jaribu kwa nia ya kuvunja

Jaribu mtoto anayekufa kabla mzazi hajangoja, na mtoto anayekufa baada yake. Ita wait bila mtoto. Mngoje mtoto mmoja mara mbili, na mara ya pili ikatae. Toa anwani mbovu, kisha nzuri, na jibu liwe bado lipo. Ua mzazi akiwa na zombi mmoja na mtoto hai mmoja, kisha hesabu nafasi za jedwali na uone kama zimerudi zote. Zaa na uzike watoto 10000 mfululizo kwenye kiini chenye nafasi 64; nafasi moja inayovuja itajitokeza mapema.

Kwa mwito wa kuamka unaopotea, usitegemee bahati. Weka ucheleweshaji wa makusudi ndani ya wait, baada ya ukaguzi na kabla ya kulala, wa kuhesabu mizunguko milioni kadhaa, na uendeshe kiini kwenye prosesa nne. Msimbo wenye kosa utaganda ndani ya sekunde chache. Kisha hamishia ucheleweshaji ndani ya exit, baada ya mtoto kuandikwa zombi na kabla hajabadilishana na mpangaji wa zamu, uendeshe tena, na ujaze stakhi kila inapoachiliwa kwa baiti zisizo na maana, ili anayeikanyaga baada ya maziko aanguke palepale badala ya kuendelea kwa kubahatisha.